Walimfukuza Mama kwa Kura Yake

Jumamosi, 15 Machi 2025

Leo nimemtoa Mama hospitalini Nakuru na kumrudisha Elburgon. Siku sabini amelala huko na nyonga iliyovunjika. Alianguka tarehe nne Januari akiteremka kwenye kitalu na ndoo mbili za maji ya miche.

Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. "Nipitishe kwa miche yangu," akamwambia dereva wa teksi, naye akakata kona kwenye barabara ya msitu.

Geti la kitalu halina ufunguo. Kila mwanachama huweka simu yake kwenye kijisanduku kilichopigiliwa kwenye nguzo, taa ya kijani inawaka, komeo linajivuta. Mama alisimama na magongo yake, akaweka simu. Nyekundu. Akaipangusa kwa leso, akaweka tena. Nyekundu.

"Ni mtandao," akasema.

Akajaribu mara ya tatu na ya nne. Ndipo Cheptanui akatokea upande wa ndani akiwa na jembe begani. Cheptanui ni mke wa Kipkirui, na boma lao linatazamana na letu. Alituangalia, akaiangalia ile taa, akaanza kulia kabla hajasema neno.

"Mama, kwani hawakukuambia?"

Mama hakuuliza aambiwe nini. Alirudi ndani ya gari pole pole, mguu mmoja kwanza, akaniambia nimfungie mlango.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Tangu asubuhi nimekaa na simu ya Mama, na Edinah aliyekuja kumpa pole amenieleza nilichokuwa sijui. Edinah ana sehemu yake kitaluni karibu na ya Mama. Naandika kila kitu hapa ili hasira isinivurugie mpangilio.

Kitalu kina wanachama hamsini na wawili. Zamani kilikuwa na mwenyekiti, naye akauza miche ya watu wote kwa lori moja na kuhamia kusikojulikana. Mwaka juzi wakakubaliana kwamba hakuna mwenyekiti tena, hakuna katibu, hakuna muhuri. Kila jambo litaamuliwa kwa kura ndani ya simu, kwa mfumo wa blokcheni ambao wenyewe wanauita Mnyororo. Mwanachama yeyote anaweka pendekezo. Kura zinakaa wazi siku tano. Nusu ya watu wakishapiga na ndiyo zikizidi, pendekezo linangoja siku mbili, halafu linajitekeleza lenyewe bila mkono wa mtu. Katika hizo siku mbili, aliyeliweka peke yake ndiye anaweza kuliondoa. Rekodi inakaa kwenye kompyuta nyingi za dunia kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna wa kuifuta. Mama ndiye aliyezunguka boma kwa boma kuwaomba watu wakubali. Alisema amechoka na watu wenye mihuri.

Na asiyeweza kupiga kura anaweza kumpa mwenzake amshikie.

Tarehe sita mwezi huu, siku moja baada ya Mama kutimiza siku sitini nje, Kipkirui aliweka pendekezo la 14: kumwondoa Mama kwa kanuni ya tangu mwanzo, kwamba mwanachama asiyefanya kazi siku sitini anatolewa, na sehemu yake ya kando ya mto apewe aliyelileta. Ndiyo thelathini, hapana nane. Katika zile ndiyo, ishirini na tano zilitoka kwenye simu moja, ya Kipkirui: yake mwenyewe, na ishirini na nne anazowashikia watu. Orodha nimeisoma jina kwa jina, maana Mnyororo hauifichi. Jina la kumi na saba ni la Mama.

Alimpa ashike siku ile ile aliyovunjika. Kipkirui ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. "Nilimwambia anishikie mpaka nirudi," Mama amesema, akikunja leso yake magotini. "Kumbe nimejifukuza mwenyewe."

Nikamuuliza Edinah mbona watu hawakukataa.

"Sisi nane tulikataa, dada. Mtu akishakushikia kura, simu yako haikupigii tena kelele. Wengi walisikia mambo yameisha."

Nitamlipiza. Naandika hivyo nikiwa nimekunywa chai na akili zangu ziko sawa.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha. Mama ameisikiliza juu ya mabati akihesabu nani anapanda nini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemkuta Kipkirui kando ya mto, kwenye vitanda vya Mama, akijaza udongo kwenye vikaratasi vya miche. Nilipita chini ya seng'enge. Hakushtuka. Alinawa mikono, akanipa mkono wa salamu, akaulizia nyonga.

"Ulijua yuko hospitali," nikasema.

"Nilijua."

"Na ukaandika hafanyi kazi."

"Jepleting, hapa hakuna mwenyekiti wa kuhurumia mtu na kumnyima mwingine. Tuliandika siku sitini. Mama yako mwenyewe alikubali siku sitini. Mnyororo haujui hospitali."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inalowesha. Upole huo ndio ulionichoma. Nyuma yake miche ya saiprasi aliyoipanda Mama mwezi wa kumi na moja ilikuwa imesimama mizuri, imenyeshewa.

Halafu akasema, "Unajua nini, hata wewe ukitaka kuingia badala yake, nitakupendekeza mwenyewe. Kule juu kuna sehemu iko wazi. Tusiwe majirani wa kununiana."

Kule juu ni mawe. Anajua mimi natengeneza simu Nakuru, naishi Kaptembwo, na kushika jembe nilikoma nikiwa darasa la nane. Alidhani kipande cha mawe kitaninyamazisha.

Nikatabasamu. "Asante sana, jirani. Nipendekeze."

Ijumaa, 21 Machi

Ameniweka. Pendekezo la 15. Atanipigia ndiyo kwa kura zote anazoshika.

Jumanne, 25 Machi

Nimeshuka Nakuru kuchukua kisanduku changu cha vifaa na kumwambia mwenye duka sitarudi mpaka Juni. Nikapita kwa Ogada, yule kijana aliyewaandikia programu ya kitalu. Ana chumba kimoja juu ya duka la mbolea.

"Niaje madam, karibu kiti."

Nikamweleza. Alikuna kidevu, akafungua pendekezo la 14, akalisoma lote. Nikamwambia arudishe jina la Mama.

"Siwezi. Ningekuwa naweza, si basi mimi ndiye mwenyekiti? Walitaka kitu ambacho hata mimi siwezi kugusa. Kura imefukuza, ni kura tu itarudisha."

"Na kura ambayo mtu amempa mwenzake, hawezi kuinyang'anya?"

"Saa yoyote. Unabonyeza mara tatu." Akanionyesha. Kubonyeza jina lako, kubonyeza la mshikaji, kubonyeza rudisha.

"Wangapi wanajua?"

Akaangalia meza. "Iko kwenye mwongozo."

Mwongozo una kurasa arobaini na umeandikwa kwa Kiingereza. Mzee Kiprugut, ambaye ana miche mingi kuliko mtu yeyote pale, hasomi hata Kiswahili.

Nimerudi Elburgon nikiwa mtulivu. Mara tatu tu. Anaogopwa kwa kitu kinachovunjwa kwa kubonyeza mara tatu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekuwa mwanachama. Nilipoweka simu yangu getini taa ikawaka kijani. Kipkirui alikuwepo, akapiga makofi.

Jumatano, 2 Aprili

Matope. Nimefungua meza ya kutengeneza simu kwenye kibaraza cha Mama.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimetangaza kwamba mwanachama wa kitalu namtengenezea bure. Leo wamekuja sita. Kila simu ninayoifungua, nafungua na mdomo.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee Kiprugut amekuja na simu iliyoingia maji. Aliketi kwenye kiti cha Mama, koti limelowa mpaka mgongoni, akaniambia hataki bure, ameniletea viazi.

Nilipoiwasha nikamwonyesha. "Mzee, kura yako iko kwa Kipkirui."

"Najua. Yeye ndiye ana macho."

"Je, unajua ilimfukuza Mama?"

Hakujua. Alivua kofia. Mama alikuwa amekaa pale pale, mguu umeinuliwa juu ya stuli, akichambua maharagwe. Mzee hakumwangalia. Akaniambia, "Iondoe."

"Ngoja nikuonyeshe, ili siku nyingine ujifanyie."

Nilimwonyesha mara nne, mpaka kidole chake kikubwa kikazoea. Moja, mbili, tatu. Akacheka alipoona jina la Kipkirui limetoka. Kisha akauliza, "Sasa nimeichukua. Nifanye nayo nini, mimi nisiyesoma?"

"Nipe mimi, mzee. Nikushikie."

Akanipa.

Baada ya kuondoka Mama akasema, "Ungemfundisha kusoma picha za ndiyo na hapana. Si nyingi."

Nikamwambia nitamfundisha. Sijapata muda.

Jumamosi, 12 Aprili

Kura tisa. Viatu vyangu vimeng'oka soli.

Jumatatu, 14 Aprili

Kumi na mbili. Kwenye boma moja karibu na kiwanda cha mbao nimemkuta mama mmoja mzee amelala na homa. Binti yake akanipa simu nikabonyeza mwenyewe. Nilimwambia yule mama nitamweleza akipona.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kipkirui amemletea Mama maziwa lala kwenye kibuyu. Ameyapokea! Nimekataa kuyaonja. Mama akasema, "Maziwa hayakupiga kura."

Jumamosi, 26 Aprili

Kumi na tisa. Kipkirui amebaki na nane na bado hajagundua, au amegundua na anaona haya kuuliza. Leo nimeweka pendekezo la 16: Mama arudishwe, na vitanda vyake vya mtoni arudishiwe.

Jumanne, 29 Aprili

Cheptanui amenisimamisha njiani. Mvua ilikuwa inanyesha tukasimama chini ya paa la duka la unga, watu wakitupita.

"Nimefurahi umeweka," akasema. "Ile miche nilimwagilia mimi, miezi yote miwili. Sikutaka akute imekauka."

Nikamuuliza, "Na mumeo alipoandika, ulisema nini?"

"Nilisema ni vibaya. Akasema ni sheria. Nyumba ni kura moja, Jepleting, na iko kwa simu yake."

Niliondoka mvuani. Ni rahisi kulia getini mambo yakishaisha.

Alhamisi, 1 Mei

Kura zimefungwa. Ndiyo thelathini na saba, hapana tisa. Zile tisa ni za Kipkirui na wale wanane wake. Alikataa mpaka mwisho.

Jumamosi, 3 Mei

Saa nne asubuhi pendekezo limejitekeleza. Tulikuwa getini watu kama thelathini. Mama akaweka simu, taa ikawa kijani, komeo likajivuta, na Edinah akapiga kelele ya shangwe mpaka mbwa wakaanza kubweka. Mama aliingia na gongo moja. Alishika kila mche wa kitanda cha kwanza kama anayewasalimia watoto mlangoni mwa kanisa. Kipkirui alikuwa amekwisha kuondoa vifaa vyake. Alisimama mbali akasema, "Karibu tena, Mama Jepleting," naye Mama akaitika.

Jioni Mama akanipa simu yake. "Nishikie kura mpaka mguu upone. Mambo ya vidole yananichosha."

Nilidhani leo nitashiba. Nimekula, nimecheka na watu, lakini nikilala nawaza tu jinsi alivyoitikiwa. Amemfukuza mama yangu na kupoteza nini? Hakuna. Amerudisha kitu kisichokuwa chake na watu wakamwona muungwana. Mimi nataka aweke simu yake pale, apate nyekundu, na watu wawe wamesimama nyuma yake.

Jumatano, 7 Mei

Watu wanaoogopa kubaki upande ulioshindwa wananiletea kura bila kuombwa. Ishirini na sita.

Jumapili, 11 Mei

Thelathini na moja, pamoja na ya Mama. Kipkirui hakufikisha idadi hiyo hata siku moja. Nikipita kitaluni watu wananiuliza nionavyo kuhusu mbolea, kuhusu zamu za maji, mimi nisiyejua mche wa saiprasi ukiugua unafananaje. Nami najibu.

Jumatatu, 12 Mei

Pendekezo la 17: kumwondoa Kipkirui kwa kutumia kura aliyoshikiwa kumdhuru mwenye kura. Nimeliandika kwa Kiswahili safi, kila mtu aelewe. Nikapiga papo hapo kura zangu thelathini na mbili.



Alhamisi, 15 Mei

Kipkirui amekuja. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga na ua ulikuwa mweupe. Mama alikuwa kitaluni na Edinah. Kipkirui alikataa kiti, akasimama kwenye ngazi ya kibaraza na kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba uliondoe," akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Nilitaka ile sehemu ya mto. Ya kwangu haina maji, nimechota kwa ndoo miaka mitatu. Nikaona nafasi, nikaichukua. Sina maneno mengine."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo. Huu ukweli ulinikuta mikono mitupu, na kwa muda nilishika bisibisi yangu bila kujua nafanya nini nayo.

"Na mama yangu?"

"Nilimkosea. Nitamwambia mbele ya watu wote. Lakini ukinitoa mimi, umetoa nyumba nzima. Cheptanui hana mahali pengine. Yeye hakukukosea."

Wakati huo ningeweza kusema sawa. Nakumbuka mvua ya mawe ikiyeyuka kwenye mabega ya koti lake. Nakumbuka pia Mama akiipangusa simu kwa leso na kuijaribu tena.

"Jirani," nikasema, "Mnyororo haujui mke."

Akavaa kofia akaenda.

Nimeyarudia maneno hayo siku nzima moyoni. Yananoga bado.

Jumamosi, 17 Mei

Ndiyo thelathini na sita, hapana saba. Zinabaki siku mbili. Litajitekeleza Jumatatu saa kumi jioni.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika kila kitu, hata kisichonipendeza.

Saa saba mchana Mama amerudi kutoka kitaluni akitembea haraka kuliko daktari alivyomruhusu. Cheptanui alikuwa amemwambia. Mimi nilikuwa nimemficha, ndiyo. Nilijiambia mguu wake unahitaji utulivu.

Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, akasogeza simu za watu pembeni.

"Kura yangu umeifanyia nini?"

"Ile uliyonipa nikushikie?"

"Sina nyingine."

"Nimeipiga ndiyo, Mama."

"Nani alikuambia nataka ndiyo?"

"Mama, yule mtu alikutupa nje ukiwa kitandani!"

"Mimi ndiye nilitupwa. Nilipotaka kurudi, nimerudi. Huyo nilitaka niwe naye pale kila siku, anione nikichota maji ya mto, aone haya kila siku hadi tufe. Hayo ndiyo yalikuwa yangu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kipkirui alichukua kura yangu akaitumia bila kuniuliza. Wewe umefanya nini?"

"Nimefanya kwa ajili yako."

"Hata yeye alisema kwa ajili ya kitalu."

Nikachukua simu yangu. Ilikuwa saa saba na nusu. Hadi saa kumi mimi niliyeliweka ningeweza kuliondoa. Kitufe kilikuwa pale chini ya kioo, cha rangi ya kijivu, na saa inayohesabu kurudi nyuma kando yake. Mama hakuniambia nikibonyeze. Aliingia ndani akaanza kuosha vyombo.

Nilikaa na ile simu mapajani kwa saa mbili na nusu. Mvua ilikuja ikaenda. Mtu wa bodaboda alileta simu yenye kioo kilichopasuka nikamwambia aje kesho. Nilijaribu kumwonea huruma Cheptanui, nami nilimwonea, kwa kweli, nilimfikiria na ndoo ya maji kwenye miche isiyokuwa yake. Kisha nikamfikiria Kipkirui akisema kwa upole ule kwamba Mnyororo haujui hospitali, na huruma yote ikakauka.

Saa tisa na dakika hamsini Mama alikuja mlangoni akipangusa mikono. Akaona sijabonyeza. Akarudi ndani.

Saa kumi saa ile ikafika sifuri, na jina la Kipkirui likatoka kwenye orodha bila mlio wowote.

Jumanne, 20 Mei

Nilidamka nikaenda kusimama getini. Alikuja saa moja na robo, Cheptanui nyuma yake na majembe mawili. Nadhani hakuamini litafanya kazi mpaka mwisho. Aliweka simu. Nyekundu. Nyuma yao walikuwa wamesimama watu saba wakingoja kuingia.

Hakujaribu mara ya pili. Aliwapisha watu.

Niliona nilichotaka kukiona, na kilikuwa kitamu. Atakayesema kisasi hakina ladha hajaonja. Lakini kilikuwa kidogo. Kiliisha kabla sijafika nyumbani, nami nilikuwa nimekipikia miezi miwili.

Jumatano, 21 Mei

Kura ya Mama imetoka kwangu. Simu imenijulisha saa mbili asubuhi, yeye akiwa chumba cha pili. Nani amemfundisha? Sijamuuliza.

Ijumaa, 23 Mei

Nimejua aliyemfundisha. Ni mzee Kiprugut. Amechukua yake pia. Edinah anasema mzee anazunguka boma kwa boma na koti lake lile, akiwaonyesha watu kwa kidole kikubwa: moja, mbili, tatu. Anajidai kama mwalimu mkuu.

Jumatatu, 26 Mei

Kumi na nane.

Jumatano, 28 Mei

Kumi na moja. Nimempata mzee njiani nikamsimamisha.

"Mzee, si mimi nilikutoa kwa Kipkirui?"

"Ulinitoa, mwanangu, na nashukuru. Lakini yule alinitumia kumfukuza mama yako, na wewe ukanitumia kumfukuza yeye. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu." Akaweka mkono begani mwangu. "Mama yako amenionyesha picha. Ndiyo ni mkono, hapana ni msalaba. Si nyingi."

Jumapili, 1 Juni

Yule mama mzee wa karibu na kiwanda cha mbao amenijia baada ya ibada na kunikumbusha nilimwahidi kumweleza kitu akipona. Nilimweleza, nusu nikiangalia chini. Alitoa simu yake. Akabonyeza.

Jumanne, 3 Juni

Nina moja. Ni yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Edinah ameweka mapendekezo mawili kwa pamoja. La 18: hakuna mtu atakayeshika zaidi ya kura mbili, na aliyeshikiwa ataulizwa kila mara. La 19: Cheptanui apokewe kwa jina lake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, apewe ile sehemu kavu ya mumewe. Chini yake Mama ameandika kwamba mfereji wa maji unaweza kupita kwenye sehemu yake.

Kipkirui hakutajwa. Atabaki nje. Hilo walau halikuguswa.

Jumamosi, 7 Juni

Cheptanui ananisalimia kama kawaida. "Habari ya asubuhi, Jepleting." Ningependa anitukane. Ningejua pa kumweka.

Jumapili, 8 Juni

Edinah ameniuliza nitapiga vipi. Nimemwambia kura ni yangu.

La 18 nimelipiga ndiyo. Hilo lilikuwa rahisi, sina cha kupoteza. La 19 nimelikalia toka alasiri. Najua hana kosa. Naandika hapa waziwazi: Cheptanui hana kosa, na aliiweka hai miche ya Mama. Lakini akiingia, pesa za miche zitanunua unga wa nyumba ile, na Kipkirui ataula. Maji ya Mama yatapita mpaka kwake, yale yale aliyoyatamani tangu mwanzo.

Nimepiga hapana.

Jumanne, 10 Juni

Kura zimefungwa saa sita mchana. Mvua zimepungua, leo jua limewaka mpaka mabati yakalia. Tulikuwa tunakula, Mama na mimi, ugali na mboga. La 18 limepita, arobaini na nane kwa sifuri. La 19 limepita, arobaini na sita kwa moja.

Majina yote yako wazi, ya mkono upande mmoja, na upande wa msalaba jina moja tu. Litakaa kwenye kompyuta za dunia nzima baada ya sisi wote kuzikwa.

Mama aliweka miwani, akasoma polepole mpaka mwisho. Kisha akaniangalia.

"Huyu mmoja ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaisukuma simu kando, akanikatia ugali mwingine akauweka kwenye sahani yangu.

"Haya," akasema. "Hiyo angalau ni yako."